Sura ya 7: Mstari Uliohama Temeke

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,368,881 katika Wilaya ya Temeke. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,346,674. Ukiziweka namba hizo mbili bega kwa bega bila kujua lolote jingine, utasema Temeke imepungukiwa na watu 22,207 ndani ya miaka kumi, na utaanza kutafuta sababu: maradhi, mafuriko, kodi za nyumba kupanda. Mtu yeyote aliyewahi kugombea daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni atakushangaa. Temeke haikupungua hata kidogo. Kati ya sensa hizo mbili Kigamboni ilimegwa ikawa wilaya inayojitegemea, na watu wake 317,902 wakahesabiwa huko. Warudishe walikotoka, utapata 1,664,576. Kinondoni nayo yalikuwa yale yale: ilishuka kutoka 1,775,049 hadi 982,328, kwa sababu Ubungo ilizaliwa na kuchukua watu 1,086,912.

Kimbiji imo katika hao waliohama bila kuhama. Ni kata ya pwani, kusini-mashariki ya jiji, ukishaacha nyuma Kibada na Gezaulole. Wavuvi wake, minazi yake, visima virefu vinavyovuta maji mamia ya mita chini ya ardhi, viwanja vyenye mawe ya mipaka na visivyo na mawe, vyote vilibaki palepale. Hakuna aliyefunga godoro. Kilichobadilika ni neno moja katika kumbukumbu za serikali: palipokuwa na Temeke pakawa na Kigamboni. Siku hiyo kila orodha iliyokuwa ikiuliza "walio Temeke ni akina nani?" iliacha kuitaja Kimbiji, na kila orodha iliyouliza kuhusu Kigamboni ikaanza kuitaja.

Sura hii inahusu orodha za namna hiyo, na swali moja ambalo limewashughulisha wataalamu wa hifadhidata kwa zaidi ya miaka arobaini: je, mtu anayetazama orodha iliyochujwa anaweza kuandika ndani yake, na maandishi yake yakafika mahali sahihi?

Tuanze na chimbuko. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyopendekeza kwamba taarifa zote zihifadhiwe katika majedwali, na kwamba mtumiaji aseme anachotaka bila kulazimika kujua kimehifadhiwa wapi na vipi. Kila jedwali lina safu, kila safu ina jina, na kila mstari unaeleza kitu kimoja: mtu mmoja, kiwanja kimoja, mita moja ya umeme. Wazo hilo ndilo lililozaa lugha ya SQL, na ndilo linaloendesha benki, hospitali, kampuni za simu na ofisi za ardhi hadi leo.

Juu ya majedwali hayo ya msingi mtu anaweza kujenga mionekano. Mwonekano ni swali lililopewa jina na kuhifadhiwa. Wenyewe hauna kitu ndani. Kila unapoufungua, mashine inaliuliza swali lile upya kwa jedwali la msingi na kukuletea jibu la wakati huo. Ni dirisha: ukiona mtu ndani yake, mtu huyo hayumo dirishani, yumo chumbani.

Tuchore mfano wa kufundishia. Ofisi ya ardhi ina jedwali moja kubwa liitwalo viwanja, lenye viwanja vya kata zote tisa za Kigamboni. Karani anayehudumia Kimbiji hahitaji kuona vya Tungi wala vya Vijibweni, na hatakiwi kuona kila safu, kwa mfano namba za simu za wamiliki au madeni yao. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipitishwe, hilo si suala la adabu ya kazi peke yake. Basi msanifu anamwandalia hiki:

CREATE VIEW viwanja_kimbiji AS
SELECT namba, kitalu, kata, mmiliki, matumizi
FROM viwanja
WHERE kata = 'Kimbiji';

Karani akifungua viwanja_kimbiji anaona safu tano na kata moja. Kwake yeye hilo ni jedwali kamili. Akikuta kiwanja cha Kitalu B kimeandikwa "makazi" wakati kibali kinasema "makazi na biashara", anarekebisha na kuhifadhi. Mashine inafuata uzi kurudi nyuma: mstari huu wa mwonekano unatoka katika mstari mmoja tu wa jedwali, safu hii inatoka katika safu moja tu. Hakuna utata, maandishi yanapita, na jedwali la msingi linabadilika. Programu nyingi zinazotumika leo hufanya hivyo zenyewe. MySQL ilianza kuwa na mionekano katika toleo la 5.0 la mwaka 2005. PostgreSQL iliruhusu mionekano myepesi kama huu ipokee maandishi bila msaada wa ziada tangu toleo la 9.3, mwaka 2013.

Mpaka hapo mambo ni mepesi mno, na wepesi huo ndio unaowaponza wanafunzi. Wanadhani mwonekano ni jedwali dogo, na wanaandika ndani yake kwa moyo mweupe.

Sasa karani yule yule anapokea faili la kiwanja kilichosajiliwa Kimbiji. Anafungua ramani ya upimaji, anafuata namba za mawe ya mipaka, anaona kumbe kiwanja kimeangukia upande wa pili, Pemba Mnazi. Anafanya jambo la haki kabisa: anafuta "Kimbiji" kwenye safu ya kata, anaandika "Pemba Mnazi", anahifadhi. Mstari unatoweka mbele ya macho yake.

Haukufutwa. Umo ndani ya jedwali la viwanja, mzima, na kata yake mpya. Lakini swali la mwonekano linasema kata iwe Kimbiji, na mstari huu hauijibu tena. Karani hajui hayo. Anachojua ni kwamba dakika moja iliyopita alikuwa na kiwanja na sasa hana, na mwananchi amekaa kwenye benchi anasubiri. Anakiingiza upya, na safari hii anaiacha kata kama ilivyokuwa ili kisimkimbie tena. Mashine inakubali, kwa sababu namba na vitalu hujirudia kata kwa kata, na ufunguo mkuu wa jedwali, yaani safu zinazoutambulisha kila mstari bila kurudiwa, umejengwa kwa namba, kitalu na kata kwa pamoja. Pemba Mnazi na Kimbiji ni funguo mbili tofauti. Kiwanja kimoja ardhini, mistari miwili katika hifadhidata.

Anayenunua kiwanja Dar es Salaam, awe anatafuta Bunju au Kimbiji, anaogopa jambo moja kuliko yote: kuja kugundua kwamba kuna mwenzake mwenye karatasi nzuri kama zake kwa kiwanja kile kile. Hofu hiyo ilizidi upande wa Kigamboni baada ya Daraja la Nyerere kufunguliwa mwaka 2016, maana ardhi iliyokuwa ya kwenda kwa kivuko ikawa ya kwenda kwa gari moja kwa moja, na bei zikaamka. Migogoro ya viwanja ina mizizi mingi, na mingi yake ni tamaa ya binadamu wala si kompyuta. Ila tamaa hupenda sana kujificha nyuma ya mistari miwili iliyotokea kwa bahati mbaya. Kwa hiyo msanifu aliyeacha tundu hilo wazi amewaandalia matapeli kazi yao.

Dawa yake ni maneno matatu yanayoongezwa mwishoni mwa tamko lile: WITH CHECK OPTION. Kwa maneno hayo mashine inaagizwa kukataa maandishi yoyote yanayoufanya mstari utoke nje ya swali la mwonekano. Karani akijaribu kukihamishia kiwanja Pemba Mnazi, anakataliwa papo hapo na mstari unabaki mbele yake. PostgreSQL iliipata kinga hii katika toleo la 9.4, mwaka 2014. Programu nyingine zilikuwa nayo zamani. Kisichosemwa vya kutosha darasani ni kwamba kinga hii haiwekwi yenyewe. Usipoiandika, haipo.

Wapo wanaolalamika kwamba inamfunga karani mikono. Inamfunga kweli, na ndivyo inavyopasa. Kukihamisha kiwanja kutoka kata moja kwenda nyingine si kurekebisha herufi. Kunagusa ramani, kunagusa kumbukumbu za kata mbili, na kukivusha mpaka wa wilaya kunagusa halmashauri mbili. Kimbiji yenyewe haikutolewa Temeke na mtu wa kaunta aliyeamka asubuhi akabadilisha neno. Uamuzi ulifanyika juu, kisheria, na kumbukumbu zikafuata. Katika hifadhidata pia kazi hiyo ni ya mwenye mamlaka juu ya jedwali la msingi, anayeona pande zote mbili za mpaka.

Kuna mtego mwingine katika eneo hilo hilo. Tuseme msanifu ameona safu ya kata ni ya kujaza nafasi tu, kwa kuwa kila mstari unasema Kimbiji, akaitoa kwenye mwonekano. Karani akiingiza kiwanja kipya, atatarajia mashine ijijazie "Kimbiji" yenyewe. Haijijazii. Masharti ya swali hutumika kuchuja, hayatumiki kujaza. Safu ambayo mwonekano hauioneshi hupewa thamani ya kawaida iliyowekwa kwenye jedwali, au huachwa tupu, au, kama jedwali haliruhusu utupu, uingizaji wote unakataliwa. Katika jedwali ambalo kata haimo kwenye ufunguo mkuu, na kinga ile haijawekwa, ikiachwa tupu kiwanja kipya kinazaliwa bila kata, na hakuna karani wa kata yoyote atakayekiona. Kwa maoni yangu hili ni kosa baya kuliko lile la kwanza, kwa sababu halipigi kelele.

Turudi kwenye sensa, tuone kwa nini baadhi ya mionekano haiwezi kupokea maandishi kwa namna yoyote. Mwaka 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Namba hiyo ni jumla ya Ilala 1,649,912, Temeke 1,346,674, Ubungo 1,086,912, Kinondoni 982,328 na Kigamboni 317,902. Ukiunda mwonekano unaoonesha mkoa na jumla yake, utakuwa na mstari mmoja mzuri wa kubandika ukutani. Sasa kiongozi akiutazama na kusema, "Hebu weka 5,400,000," mashine ifanye nini? Watu 16,272 wa nyongeza wawekwe wapi? Wote Ilala? Wagawanywe sawa kwa wilaya tano, ambako hata hawagawanyiki bila baki? Na ndani ya wilaya, kata ipi, kaya ipi, kwa jina na umri gani? Njia za kufikisha jumla hiyo hazina idadi, na kila moja ni uongo wa aina yake. Mashine inakataa. Ndiyo maana SQL haikubali kuandika kupitia mwonekano wenye jumla, wastani, hesabu au makundi, wala ule ulioondolewa marudio: mstari mmoja unaouona umeyeyusha mistari mingi, na hakuna uzi mmoja wa kuufuata kurudi nyuma.

Palipo na uhondo zaidi ni pale majedwali mawili yanapounganishwa, na Tanzania ina mfano ulioingia kila nyumba yenye umeme. Mwezi Agosti 2021 serikali ilianza kukusanya kodi ya majengo kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa mjini. Mwaka 2023 viwango vikapanda kufika 1,500 na 7,500. Kodi ni ya nyumba, lakini inayokatwa ni mita. Kwa hiyo popote mita moja ilipokuwa na nyumba moja, mambo yalikwenda. Ila nyumba zetu hazijajengwa hivyo. Nyumba ya vyumba sita ya kupangisha inaweza kuwa na mita tatu, kila mpangaji na yake, ili pasiwe na ugomvi wa nani aliacha feni usiku kucha. Wengine wana mita moja inayolisha nyumba mbili za uani. Malalamiko ya kukatwa mara mbili au tatu kwa nyumba moja yalisikika mapema, na wenye mita zaidi ya moja wakatakiwa kutoa taarifa ili ziondolewe zisizostahili. Wapangaji nao wakajikuta wanalipia kwenye umeme wao kodi ambayo ni ya mwenye nyumba.

Tuweke hayo katika majedwali mawili ya mfano: nyumba, na mita. Kila mita inataja nyumba yake. Mwonekano unaoyaunganisha unaleta mstari mmoja kwa kila mita, ukiwa na namba ya mita, hali yake, nyumba na mwenye nyumba. Nyumba yenye mita tatu inatokea mara tatu. Angalia basi maandishi matatu yanayofanana juu juu.

La kwanza, karani anabadilisha hali ya mita kutoka "inakatwa kodi" kuwa "haikatwi". Kila mstari wa mwonekano ni mita moja hasa, kwa hiyo agizo lina maana moja. Linapita.

La pili, katika mstari mmoja kati ya ile mitatu anabadilisha jina la mwenye nyumba. Jina hilo limehifadhiwa mara moja tu, kwenye jedwali la nyumba. Likibadilika hapo, linabadilika kwenye mistari yote mitatu kwa mpigo. Kama ndivyo alivyotaka, sawa. Kama alidhani anabadilisha jina la anayetumia mita hiyo peke yake, yaani mpangaji, amekwisha kumnyang'anya mtu nyumba kwenye karatasi.

La tatu, anafuta mstari. Anafuta nini? Mita? Nyumba? Vyote viwili? Hapa programu zinatofautiana, na anayehama kutoka moja kwenda nyingine aangalie sana. Oracle huruhusu kufuta ikiwa ni jedwali moja tu ambalo kila mstari wake hutokea si zaidi ya mara moja katika mwonekano. Hapa ni mita, basi mita ndiyo itakayofutwa. MySQL hukubali kubadilisha safu za jedwali moja kwa wakati mmoja kupitia mwonekano wa namna hii, lakini kufuta haikubali. PostgreSQL hukataa yote matatu mpaka uieleze mwenyewe cha kufanya. Binafsi naona msimamo wa PostgreSQL ni wa heshima zaidi kwa mwananchi aliyeko upande wa pili wa kaunta.

Codd mwenyewe alitamani makubwa zaidi. Mwaka 1985 alitoa kanuni zake maarufu za kupima kama programu ni hifadhidata ya kimahusiano kweli, na kanuni ya sita ilidai kwamba kila mwonekano ambao kinadharia unaweza kupokea maandishi, mfumo uweze kuyapokea. Ilikuwa dai la haki kwa watumiaji. Ila miaka mitatu baadaye mtafiti aitwaye Buff alionesha kwamba hakuna programu inayoweza kutazama mwonekano wowote ule na kuamua, kila mara na bila kukosea, kama unapokea maandishi au la. Si kwamba bado haijaandikwa. Haiwezi kuwepo.

Kabla ya hapo, mwaka 1981, François Bancilhon na Nicolas Spyratos walikuwa wameligeuza swali kwa namna ninayoipenda sana. Waliuliza: mbali na unachokiona, ni kitu gani kisiguswe? Kila mwonekano una nusu yake nyingine, yaani taarifa zote ambazo mwonekano hauzioneshi na ambazo, zikijumlishwa na unachokiona, zinakurudishia hifadhidata nzima. Ukiamua kwamba nusu hiyo haitaguswa, basi kila andiko lina njia moja tu ya kutekelezwa, au halina kabisa. Utata unakwisha. Rudi kwa karani wetu: nusu nyingine ya viwanja_kimbiji ni viwanja vyote vya kata nyingine, pamoja na safu zilizofichwa za Kimbiji. Kubadilisha matumizi ya kiwanja hakuigusi, kunapita. Kukihamishia Pemba Mnazi kunaongeza mstari katika nusu hiyo, kunakataliwa. WITH CHECK OPTION inafanya hivyo hivyo katika mfano huu, na sasa tunaona sababu yake kwa undani: inalinda wasiokuwepo kwenye skrini.

Bado kuna maandishi ambayo hakuna kanuni ya hesabu itakayoyatatua, kwa sababu maana yake haimo katika herufi zilizobonyezwa. Mtafiti Arthur Keller alipendekeza katika miaka ya 1980 kwamba msanifu aulizwe maswali siku ile anapouunda mwonekano, ili majibu yake yatumike siku zote zitakazofuata. Hatuna budi kumfuata, na tazama kwa nini.

Mama mmoja anafika kaunta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kubadilisha jina kwenye kiwanja cha Kimbiji. Ni cha marehemu mume wangu."

"Pole sana mama. Karibu ukae. Umekuja na fomu ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani?"

Swali hilo la karani limebeba sheria nzima. Mwanzoni mwa mambo yote, ardhi ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Mwenye hati ana haki ya kuimiliki na kuitumia kwa muda, miaka 33, 66 au 99. Haki hiyo haihami kwa kufuta jina. Mwenyewe akifa, mahakama humteua msimamizi wa mirathi, mara nyingi kwa Fomu Namba 4 ya Mahakama ya Mwanzo, na msimamizi huandikishwa kwa cheo hicho. Anashika kwa niaba ya warithi wote, wakiwemo watoto wa mke mwingine ambao pengine wako Mkuranga na hawajui kama leo kuna mtu kaenda ofisi ya ardhi. Akishamaliza kugawa ndipo haki inahamia kwa wanaostahili.

Sasa linganisha na mzee aliyekuja jana yake. Hati yake imeandikwa "Hamis" na kitambulisho cha taifa kinasema "Hamisi". Kwa mzee, karani angebonyeza nini? Safu ya mmiliki, futa, andika, hifadhi. Kwa mama je? Safu ya mmiliki, futa, andika, hifadhi. Vidole vinafanya kazi ile ile. Kwa mzee mtu ni yule yule na herufi moja imeongezeka. Kwa mama, mtu aliyekuwepo ametoweka, mwingine ameingia, na hakuna alama ya nani alikuwepo, lini, wala kwa idhini ya mahakama gani. Mwonekano wa viwanja_kimbiji tuliouchora mwanzoni hauwezi kutofautisha mambo hayo mawili. Unayapokea yote kwa ukarimu.

Ukarimu huo lazima uondolewe. Kwanza jina litoke kwenye jedwali la viwanja. Pawe na jedwali la watu, na jedwali la milki lenye kiwanja, mtu, cheo chake, tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, sababu na namba ya hati iliyotumika. Mmiliki wa sasa anapatikana kwa swali: milki ambayo tarehe yake ya kwisha iko wazi. Hivyo "mmiliki" kwenye skrini ya karani ni jibu, limeunganishwa kutoka majedwali matatu, na programu kama PostgreSQL haitakubali kuandikiwa hapo moja kwa moja.

Pili, msanifu anaandika mwenyewe maana ya kila andiko. Chombo chake kinaitwa triga ya INSTEAD OF: maelekezo yanayotekelezwa badala ya andiko lenyewe. Oracle inayo tangu toleo la 8 la mwaka 1997, SQL Server tangu toleo la 2000, PostgreSQL tangu 9.1 ya mwaka 2011. Kwenye mwonekano inaongezwa safu ya sababu, na karani hawezi kubadilisha jina bila kuijaza. Akichagua "kusahihisha", triga inakwenda kwenye jedwali la watu na kurekebisha tahajia, na kuweka kumbukumbu ya tahajia ya zamani. Akichagua "mauzo", inadai namba ya hati ya uhamisho, inafunga mstari wa milki wa muuzaji kwa tarehe ya leo, inafungua wa mnunuzi. Akichagua "mirathi", inadai namba ya shauri la mahakama, inafunga mstari wa marehemu, inafungua mpya kwa jina la mama na cheo cha msimamizi wa mirathi, wala si mmiliki. Hatua hizo hufanyika ndani ya muamala mmoja: umeme ukikatika katikati, hakuna hata moja iliyofanyika, na kiwanja hakibaki bila mtu wala na watu wawili.

Triga ina hatari zake. Haionekani kwenye skrini, na msanifu akiondoka kazini bila kuiandikia maelezo, mrithi wake atashangaa kwa nini kubadilisha neno moja kumegusa majedwali matatu. Inapasa pia ifikirie makarani wawili wanaogusa kiwanja kimoja kwa wakati mmoja. Hata hivyo kuiogopa si sababu ya kuacha jina la marehemu lifutike kwa vidole.

Limebaki jambo dogo ambalo wasanifu wengi hulipuuza, nalo ni ujumbe wa kukataa. Triga inapomzuia karani, programu kwa kawaida humtupia sentensi ya kitaalamu, ndefu, yenye jina la jedwali ambalo hajawahi kulisikia. Karani anaisoma kama "mfumo umegoma", anamwambia mama mtandao uko chini, na mama anarudi Kimbiji na nauli imeteketea. Triga ile ile inaweza kuandikiwa maneno ya kaunta, na msanifu asiridhike mpaka yawepo: "Jina halijabadilishwa. Kwa mirathi weka namba ya shauri la mahakama iliyo kwenye Fomu Namba 4. Kama ni kosa la tahajia tu, chagua kusahihisha." Karani anasoma, anageuka kumwomba mama fomu yake, na mama anafungua mkoba.